Kiti cha Nyuma cha Omagor

Onyuka alirudi kutoka vitani akiwa mzima, mikono miwili, miguu miwili, macho yote, na bado alishindwa kufika kwao. Alifika Malaba. Hapo akakwama. Malori yalikwama Malaba kwa sababu ya forodha na kila mtu alielewa, lakini Onyuka hakuwa na gari wala mzigo, na kwao kulikuwa mwendo wa asubuhi moja tu, unapitia Busia halafu unashika barabara ya Bumala. Akakodi chumba cha nyuma cha hoteli ya Zaitun. Akawa anaamka, anakunywa chai, anawaelekeza madereva wenzake jinsi ya kurudisha trela nyuma penye nafasi finyu, kisha analala tena. Hivyo ndivyo alivyouanza mwaka wa tisini na tano, mtu mzima mwenye kwao, akiishi kama mgeni anayesubiri gari lake litengenezwe.

Waliomuuliza aliwaambia anapumzika. Uongo mtupu. Alikuwa anaona haya, na haya hiyo ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na magurudumu mawili.

Lakini tuanze na honi, maana bila honi haya mengine hayaeleweki.

Kabla ya vita Onyuka alikuwa dereva wa masafa marefu, Mombasa hadi Kigali, na kama madereva wengi wa wakati ule alijiona yeye ndiye mwenye barabara. Mama yake, Ayoo, alikaa kando ya lami kati ya Bumala na Busia, katika nyumba ya bati yenye shamba la mihogo nyuma, na mbele, ukingoni mwa barabara, jiwe kubwa ambapo watu walikaa kusubiri usafiri. Onyuka hakuwa na ndugu. Wengine wote Ayoo aliwazika wakiwa wachanga, akabaki na huyu mmoja. Kila lori lake lilipokaribia pale, Onyuka alipiga honi yake: mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Ayoo hutoka mbio na njugu zilizochemshwa kwenye kikapu, kitambaa kikimdondoka kichwani, na Onyuka humwinulia mkono kutoka juu dirishani, akapita. Alisema lori lililojaa halisimami ovyo penye mteremko. Hilo ni kweli. Lakini hata likiwa tupu, likirudi Mombasa, halikusimama, na mteremko wakati huo ulikuwa upande wa pili.

Honi hiyohiyo ndiyo aliyowatupia watu wa bodaboda mtaroni. Baiskeli zao nyeusi za fremu nzito, zenye kiti cha sponji nyuma, zilianzia kuvusha watu pale Busia kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, kisha zikaenea barabara nzima. Onyuka hakuwapenda. Aliwaita inzi wa lami. Akimwona mmoja mbele, na abiria wake na mzigo wa abiria wake, hakupunguza mwendo. Alibonyeza honi hadi yule mtu akaruka pembeni, akaanguka kwenye nyasi, naye Onyuka akacheka hadi kilima cha pili. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuendesha trela.

Aprili ya tisini na nne barabara ya Kigali ikafungwa. Malori yakajazana Malaba, na waliotoroka huko wakasimulia mambo ambayo Malaba, pamoja na kelele zake zote, iliyasikiliza kimya. Baadaye likaja shirika moja la misaada, likitafuta madereva wanaoijua milima iliyo ng'ambo ya Katuna, mpakani mwa Uganda na Rwanda. Kazi ilikuwa kuendesha ambulensi katika hospitali moja kaskazini mwa Rwanda. Mshahara hakuna. Kuna chakula, blanketi na kitanda. Madereva wakacheka, mmoja akauliza kama risasi pia zinatolewa bure. Onyuka akainua mkono. Wengi walisema baadaye kwamba alitafuta sifa, lakini siku ile, tusimnyime haki yake, alikuwa anawaonea watu huruma. Sifa zilikuja zenyewe.

Alikwenda kumuaga mama, na siku hiyo alisimama. Ayoo akampikia ugali na omena, akamwangalia akila.

"Nani anakulipa?" mama akauliza.

"Hakuna, mama. Tunajitolea."

Ayoo akafikiri. Jirani zake wote waliamini kwamba mtu akienda kufanya kazi na wazungu anarudi na bati la nyumba. "Basi nenda," akasema. "Kazi ya hivyo anaiona Mungu. Mimi nitakuwa hapa, nasikiliza barabara."

Huko alikokwenda Onyuka akawa mtu mwingine. Walimpa Landikruza nyeupe yenye godoro nyuma na bendera ubavuni. Yeye ambaye hakuwahi kushika breki kwa ajili ya baiskeli akajifunza kupita kwenye mashimo kama aliyebeba mayai, maana kila mtikisiko ulimrudia kwa kilio kutoka nyuma. Akajifunza kutambua ukimya wa aliyelala na ukimya wa aliyekwisha. Na huko hakupiga honi hata mara moja. Aliowabeba walishtuka kwa kila sauti, kwa hiyo kuku wakiwa barabarani alishuka akawafukuza kwa mkono, akapanda tena.

Watu wakampenda. Akina mama walimwita muganga, yaani daktari, ingawa hakujua hata kufunga bandeji. Muuguzi mkuu aliwaambia wageni, "Huyu ndiye miguu yetu." Wagonjwa waliopona walimshika mkono kwa mikono miwili, na watoto walioletwa wakiwa nusu wafu walikuja kumchungulia akiosha gari. Onyuka hakuwahi kushikwa mkono namna hiyo. Barabarani dereva hutukanwa na tajiri wake, huhonga polisi, hulala chini ya trela. Huku alikuwa mtu kamili, na kila asubuhi alijisikia hivyo kabla hata ya kuvaa viatu. Utamu huo ndio uliomponza.

Habari za nyumbani zililetwa na Bashir, rafiki yake wa siku nyingi kutoka Busia mjini, aliyekuwa akileta unga wa msaada kwa lori. Safari moja Bashir alishuka, akanawa uso, akamwita kando.

"Mama hayuko sawa," akasema. "Miguu imevimba, na pumzi ni fupi. Nilisimama kumsalimia. Hakuniomba kitu. Anauliza tu unakuja lini."

"Amekwenda hospitali?"

"Anasema atakwenda ukija. Sikiliza, Onyuka. Kebini iko na nafasi, taniboi wangu nitamweka juu ya turubai. Twende umwone, halafu safari ijayo nakurudisha."

Onyuka akaiangalia ambulensi. Nyuma yake, kwenye kivuli, alikaa Okal, dereva mwingine wa kujitolea, kijana mtulivu kutoka Tororo, aliyekuwa amepumzika wiki nzima na kuomba apewe usukani. Alikuwapo pale, ameshika kikombe cha chai, na Onyuka alimwona. Jambo hili tulishike vizuri, maana Onyuka mwenyewe hakuliachia tena: Okal alikuwapo, naye alimwona.

"Mwambie safari ijayo," Onyuka akasema. "Bashir, huku watu wanakufa."

"Hata kule watu hufa," Bashir akamjibu, akapanda lori lake.

Safari iliyofuata Bashir hakunawa uso. Alimkuta Onyuka amelala chini ya gari akikaza nati, akachuchumaa, akamwambia hukohuko chini. Ayoo alizidiwa asubuhi moja, majirani wakatafuta gari, gari halikupatikana, wakamweka kwenye bodaboda. Alifia njiani kabla ya kufika hospitali ya Busia. Walimngoja mwanawe kadiri walivyoweza, kisha wakazika.

Onyuka alimaliza kukaza nati ile. Mchana akaenda kuchukua majeruhi wa lori lililopinduka, akawaleta salama, na muuguzi mkuu akasema mbele ya watu kwamba huyu ni chuma. Kinyozi hajinyoi. Aliyekuwa akiwabeba mama za watu kwa ambulensi, mama yake alibebwa kwa baiskeli. Alilifikiria hilo kila alipofunga mlango wa nyuma wa gari, na kila alipolifikiria aliomba safari nyingine. Ile sababu ya kutokwenda nyumbani, kwamba watu wanamhitaji, sasa ilikuwa kichaka cha kujificha. Hakumuuliza Bashir ilikuwa baiskeli ya nani.

Kazi ilipokwisha, hospitali ikapata madereva wa kwao wenyewe, Onyuka akapewa mkono na kuagwa kwa nyimbo. Akaja, akafika Malaba, na mengine mmeyasikia.

Zaitun alimvumilia mwanzo. Alikuwa mama wa makamo aliyewalisha madereva wa nchi nne, mtu wa kusema kitu kikiwa bado moto. Asubuhi moja alimwekea chai na chapati, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Dereva, wewe unajua baiskeli ya Omagor?"

"Omagor gani?"

"Banange! Huyu anauliza Omagor gani." Zaitun akapiga makofi. "Yule alibeba mama yako. Yule Mteso mwendesha bodaboda, wa ile steji ya pale kwenu. Baiskeli yake iko kwa nyumba, imeegemea ukuta tangu siku ile. Hakuna mtu anapanda."

Onyuka akaacha kutafuna.

Ni hivi. Steji za bodaboda za barabara ile, yaani vituo vyao, zilikuwa na desturi yao. Abiria akifika anakokwenda hushuka na kusema, "Umenifikisha." Hata kama amegombana na mwendeshaji njia nzima, atalisema, na akilisema safari imekwisha, kiti kiko wazi kwa mwingine. Ayoo hakulisema. Kwa macho ya watu wa steji, safari yake ilikuwa bado iko juu ya kiti kile, na nani angekalia safari ya mtu mwingine? Dawa yake ilikuwa moja. Mtu wa damu ya marehemu akalie kiti kilekile, abebwe kutoka kule safari ilikokuwa ikielekea hadi nyumbani, ashuke, na alitamke neno kwa niaba yake. Omagor alikuwa amekwenda kwa akina Ayoo upande wa Marachi, wakamwambia mwenye zamu ni mwanawe, na mwanawe yuko hai. Wajukuu hawakuwapo, mke wa Onyuka alikwisha kurudi kwao zamani, bila mtoto.

"Sasa Omagor anafanya nini?" Onyuka akauliza.

"Anabeba magunia pale mpakani Busia. Kwa mgongo. Mtu mwembamba vile." Zaitun akainuka. "Wewe unalala kwangu, unakunywa chai na maziwa. Mimi sisemi kitu."

Alikuwa amekwisha kusema, na Onyuka aliinamisha kichwa hadi chai ikapoa.

Mnafikiri aliondoka siku hiyo? Hakuondoka. Mwenye haya hutafuta mlango wa nyuma kwanza. Alinunua tairi jipya la baiskeli na mpira wake wa ndani, akavifunga vizuri, akampa Bashir aliyekuwa akielekea Busia. "Mwambie ni pole yangu," akasema. Jioni tairi likarudi. Bashir alilishusha kutoka kebini bila kumtazama.

"Amesema nini?"

"Unataka maneno yake, ama nipunguze?"

"Yake."

"Amesema tairi iko. Kinachotakiwa ni makalio yako."

Zaitun alicheka hadi akaegemea mlango, na Onyuka akahisi masikio yakimchoma. Katika vita vyote vile hakuna aliyewahi kuutaja mwili wake kwa kitu rahisi namna hiyo. Macho walimsifia, mikono, moyo. Usiku huo hakupata la kujitetea, na asubuhi akapanda gari la Busia.

Omagor alikuwa amekwisha kufika kwenye lango la hospitali, maana Bashir alitangulia kumpa habari. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, amejitupia gunia begani kwa sababu ya kazi ya kubeba, na ameishika baiskeli yake kwa mikono yote miwili. Ameifuta. Kiti cha nyuma kilikuwa na kifuniko chekundu cha plastiki, kimeshonwa kwa uzi mweusi pembeni. Nyuma yake walisimama watu wa steji wachache waliokuja kushuhudia, na mmoja wao, mzee Obuya, mwenyekiti wao, alikuwa na kovu refu kwenye goti.

Onyuka alikuwa ameandaa maneno ya kusema. Mzee Obuya akamtazama, akamwambia mwenzake bila kushusha sauti, "Ndiye yule wa honi." Hakuna aliyemtukana. Wangemtukana angeshukuru. Walimpisha tu, kama anavyopishwa mfiwa, na katika maneno yote aliyoyaandaa likabaki moja.

"Shikamoo, mzee," akamwambia Obuya.

"Marahaba. Panda, kijana. Jua linapanda."

Akapanda. Alikuwa amekondeana vitani, hata hivyo springi za kiti zililia. Hakujua miguu aiweke wapi. Yeye aliyeendesha magurudumu kumi na manane! Omagor akageuka, akamshika kifundo cha mguu, akamwekea unyayo kwenye chuma cha kukanyagia, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto. Wakaondoka. Wauza ndizi wa pale langoni waliacha kuita wateja, wakatazama.

Mji ukabaki nyuma, pamoja na Obuya na wenzake. Omagor aliendesha, shingo imemtoka mishipa. Kisha nyuma yao gari likapiga honi, pikapu ya nyanya, na Omagor akatoka kwenye lami, akashusha mguu, akasimama kabisa. Pikapu ikapita. Akarudi barabarani. Kidogo tu, lori. Akatoka tena, akasimama tena. Halafu matatu. Halafu gari la serikali ambalo hata halikuwa karibu. Kila honi, Omagor alitoka, akasimama, akangoja lipite, kisha akaanza upya kunyonga pedali na uzito wote ule. Jasho lilikuwa limelowesha gunia begani.

Onyuka alivumilia, kisha udereva ukamshinda. "Ndugu yangu, nafasi ni kubwa. Wanaweza kutupita. Mbona unasimama kwa kila gari?"

Omagor hakugeuka. "Hiyo siku tulienda hivi."

"Hivi vipi?"

"Kusimama. Mama alikuwa ananiambia nisimame." Alinyonga kidogo, akatafuta pumzi. "Tumetoka pale kwa jiwe, nimemfunga na leso kwa mgongo yangu asianguke. Gari ikapiga honi. Akaniambia, 'Mwanangu, pisha. Huenda ni yeye.' Nikauliza nani. Akasema, 'Kijana yangu anaendesha ambulensi. Wamemwambia niko mgonjwa. Anakuja.' Nikapisha. Haikuwa wewe. Tukaenda. Ingine ikapiga. 'Pisha, huenda ni yeye.' Nikapisha. Boss, siku hiyo magari ilikuwa mingi."

Onyuka alishika chuma cha chini ya kiti. Alitaka kushuka, na desturi ilimkataza kushuka.

"Nilimwambia mama, tukisimama hivi tutachelewa," Omagor akaendelea. "Akasema, 'Tukimpita atatutafuta wapi?' Sasa ningefanya nini? Ni mama ya mtu."

"Kama usingesimama," Onyuka akasema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine, "ungemfikisha?"

Omagor alinyonga hadi wakamaliza mpando.

"Sijui. Hata mimi nimejiuliza. Wakati mwingine nasema ndiyo, wakati mwingine nasema hapana." Kisha akasema, "Pale mahali tumeshapita. Kwa ule mpando wa kutoka mjini. Sikukuonyesha. Niliona bado hujakaa vizuri."

"Alisema nini hapo?"

"Lori ilikuja. Ile kubwa. Ikapiga honi, moja refu. Nikasikia ameinua kichwa kwa mgongo yangu. Hakuwa na nguvu ya kuangalia, akauliza tu, 'Ndiye?'" Omagor akasikiliza. Gari lilikuwa linakuja nyuma. Akatoka barabarani, akashusha mguu, akangoja lipite. "Nikamwambia, ndiyo mama. Ndiye. Akashukuru. Halafu akawa mzito."

Onyuka alilia pale nyuma ya mgongo wa Omagor, machozi yakimwingia mdomoni, na hakuna lililomfariji. Wangapi walimfia ndani ya Landikruza ile, na kila mmoja Onyuka alimwekea mkono kichwani akamwambia maneno mema ya uongo, tutafika, tumekaribia, ndugu zako wako mbele. Neno kama hilo mama yake alipewa na inzi wa lami. Na honi ile aliyoipiga miaka yote badala ya kusimama ndiyo iliyomfundisha Ayoo kuamini kila mlio. Alijiona mchafu. Alitamani Omagor amtukane, ampige, amdai kitu. Omagor alikuwa anatafuta pumzi tu, ana mpando mwingine mbele yake.

"Nishuke nisukume hapa?" Onyuka akauliza kwenye mpando huo.

"Hapana. Mama hakushuka."

Wakafika kwenye jiwe mchana. Nyumba ilikuwa imefungwa, mihogo imeliwa na magugu, na pembeni mwa nyumba palikuwa na tuta la udongo lililoanza kuota nyasi. Watu watatu walikaa kwenye jiwe, ambalo ndilo steji, wakisubiri usafiri, na mmoja wao alikuwa Akeyo, jirani aliyemuosha Ayoo kabla ya mazishi. Alimjua Onyuka tangu akitambaa. Alimtazama, kisha akatazama kikapu chake cha samaki wakavu.

Onyuka akashuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, akayumba, hakuna aliyemshika. Omagor alibaki juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, uso ameuelekeza Bumala. Alikuwa akisubiri.

Neno lenyewe ni moja. Mtoto wa shule hulisema akiruka chini na vitabu vyake. Onyuka alifungua mdomo likagoma, maana ili aliseme ilibidi kwanza akubali kwamba mama alikuwa na safari, kwamba safari hiyo ilimngoja yeye, na kwamba mtu mwingine ndiye aliyeibeba. Alijaribu, ikatoka pumzi.

"Steji haijasikia," Omagor akasema, kwa upole, bado akiangalia mbele.

"Umenifikisha," Onyuka akasema. Kisha kwa sauti, mbele ya Akeyo na wenzake, akasema, "Umemfikisha mama yangu, Omagor. Mimi sikumfikisha. Umemfikisha wewe."

Omagor alishusha mabega. Akapiga kiti cha nyuma kwa kiganja, mara mbili, kama mtu anayekung'uta vumbi.

Akeyo akainuka. Akachukua kikapu chake, akakaa upande kwenye kile kifuniko chekundu, akapanga gauni lake, akasema, "Nipeleke Bumala, soko lisiniishie." Hakumwamkua Onyuka. Omagor akaikanyaga baiskeli, ikayumba, ikanyooka, wakaenda. Waliobaki nao wakapata usafiri wao, na jiwe likabaki tupu.

Onyuka alipaswa kwenda kwenye kaburi. Alijua hivyo. Lakini miguu ilimketisha kwenye jiwe, pale mama alipozoea kusimama na kikapu cha njugu, uso umeelekea barabara. Tangu awe dereva hakuwahi kuiona barabara akiwa pale chini. Alikuwa ameiona kutoka juu tu.

Lori likatokea upande wa Bumala, trela ndefu, turubai ya kijani, likielekea mpakani. Dereva akamwona mtu ameketi peke yake, akapiga honi ya salamu. Onyuka akajikuta amesimama. Vumbi likampiga usoni, kelele ikaujaza mwili wake wote, na juu kabisa, dirishani, akaona mkono umeinuliwa. Kutoka chini pale ulikuwa mkono mdogo sana, na ulikwisha kupita kabla hajajua kama ulikuwa unamsalimia yeye.